Matonge Mawili ya Papa

Papa,

Jana dada yako alikuja. Ndiyo, Tantine Furaha mwenyewe, yule aliyeapa hatakanyaga tena nyumbani kwangu! Alikaa kwenye kiti chako, akakataa chai, akainamisha kichwa. Nilijua kabla hajasema. Ni ugonjwa ule ule wako, Papa, kansa ya tumbo. Waganga wa hospitali wanataka kumpasua kupitia vitobo vidogo, kama wewe, na yeye amekataa. Anasema, "Mimi niko muzee, muniache nikufe na tumbo yangu yote."

Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Unakumbuka alivyotusumbua? Ulipotoka hospitali, watu wa kwetu Nyantende walikuja kukupa pole, na kila mmoja alitaka kuona kidonda. Si unajua kwetu: mtu aliyepasuliwa anaonyesha mshono kutoka kifuani mpaka kitovuni, watu wanashika vinywa. Wewe ulifunua shati, tukaona vitobo tu, na kovu moja fupi. Watu wakatazamana. Tantine akasema waziwazi, "Hawakukupasua. Wamekudanganya tu."

Halafu bugali. Alikuwa ametoka Nyantende na kitunga cha sombe, yale majani ya muhogo, na samaki kichwani, akakupakulia mulima. Na wewe, uliyebakiwa na kipande cha tumbo, ukamega matonge mawili, ukayaweka kwenye kile kisahani cha chai chenye ukingo wa bluu, ukala polepole, ukanawa mikono. Ayi, Papa! Kunawa na mulima bado umejaa, kama mtu anayekataa chakula cha dada yako! Nilimweleza kwamba munganga amesema ule kidogo kidogo, mara nyingi. Wapi! Alibeba kitunga chake akaenda, na hakurudi mpaka siku tulipokuzika. Mimi nilikasirika sana. Wewe ulisema tu, "Mwache, mutoto. Ananiogopea."

Kuna kitu sikukuambia. Siku ile ya operesheni munganga alitoka akaniita, akanionyesha tumbo lako walilolikata, ndani ya beseni. Lilikuwa limekunjamana, na uvimbe mgumu umekaa ndani yake kama mwenye nyumba. Nikaliambia kimoyomoyo: nenda zako, lakini utuachie muzee wetu. Na kweli, lilituachia.

Jana nilimweleza Tantine yote hayo. Nikamwambia ulivyotembea koridoni kesho yake, umenishika mkono, ukiwasalimu wagonjwa kama mtu anayetafuta kura. Na ulivyorudi kupanda maharagi yako, ukavuna, ukapanda tena. Sikumficha kitu. Nilimwambia kwamba uliogopa, kwamba ulikonda mpaka suruali ikahitaji kamba, na kwamba kwa umri wenu waganga wenyewe wanaogopea moyo na mapafu. Na kwamba mwishowe ni moyo ndio uliokuchukua, usingizini, si tumbo.

Tantine akauliza kwa sauti ndogo, "Kumbe ile siku hakukataa chakula yangu?"

Hapana, Tantine, nilimwambia. Alikula yote ambayo tumbo lake liliweza kubeba.

Papa, alilia! Alilia kama mutoto, nami nikalia naye, tukasahau kabisa habari ya hospitali. Alipomaliza alijipangusa na kitenge, akasimama, akatazama kabati langu la vyombo. "Ile kisahani yake iko wapi?"

Nimekifunga vizuri kwenye kitambaa. Amekubali kupasuliwa, na Jumatatu tunaingia naye hospitali. Sijui itakuwaje, naogopa, siwezi kukudanganya. Lakini nakuahidi: akitoka salama, mimi ndiye nitakayemmegea, kidogo kidogo kama nilivyokumegea wewe, na wageni wakimpakulia mulima, nitaula mimi mbele yao bila haya.

Nimekukumbuka sana, muzee wangu. Pumzika. Dada yako hana hasira na wewe tena.

Mutoto wako,
Nsimire