Matanga Yasiyo na Hotuba

Baba,

Leo sina zamu. Mvua inanyesha hapa Hounslow, London, na mjukuu wako Mghoi ameenda shule bila koti kwa sababu ana kichwa kigumu, na sote tunajua alikirithi kwa nani. Nimekaa jikoni na chai yangu. Nimeona nikuandikie mapema kabla habari hii hujaisikia kwa mtu mwingine, maana huko uliko najua umeshazoeana na kila mtu.

Huko nyumbani Mama hajambo. Bado anakutolea kikombe asubuhi, kisha anakirudisha kabatini akinung'unika, "Mheshimiwa amechelewa tena." Kiti chako katika bunge la kaunti wamempa kijana mmoja mwenye maneno mengi. Ungemcheka, halafu ungemwalika chakula.

Baba, nakukumbuka zaidi matangani. Wenzako walikuwa wanatafuta kipaza sauti kabla hawajamtafuta mfiwa. Wewe ulivua koti, ukazunguka nyuma ya nyumba, ukaomba kisu, ukakaa na akina mama kumenya viazi. Mheshimiwa mzima, maganda magotini! Hapo ndipo uliposikia kwamba zahanati haina muuguzi siku za soko, kwamba maji ya mlimani hayafiki shuleni. Wiki inayofuata unasimama bungeni unayasema yote, na wenzako wanashangaa umeyajuaje. Ukaniambia, "Mama, mwenye kipaza sauti hasikii kitu."

Na viazi hivyo hivyo vikakuangusha. Alipofariki yule mzee tajiri wa wadi, ukoo wake ulikuita mbele useme neno. Ukashukuru, ukarudi kwenye karai lako. Wakaona umewadharau, na uchaguzi ulipofika wakakunyima kura, wao na wajomba zao. Mimi nililia. Wewe asubuhi yake ulibeba mtungi, ukapanga foleni kwenye mfereji na watu wale wale, unawachekesha. Nilipokuuliza kama huoni uchungu, ukajibu, "Naona, mama. Lakini maji bado hayatoki vizuri." Uchaguzi uliofuata walikurudisha wenyewe, na shule ikapata maji. Nilitamani sana uone matokeo ya mtihani ya mwaka huu. Watoto wale wamefanya vizuri.

Sasa sikia nilichokifanya.

Ulipofariki, kabla sijasafiri kuja kukuzika, Wakenya wa hapa na majirani walikusanyika kwenye ukumbi wa kanisa kuniliwaza. Akatokea bwana mmoja anayetaka ubunge huko nyumbani, yuko London kutafuta watu wa kumuunga mkono. Suti kali. Akaniomba kipaza sauti, aseme machache kuhusu wewe. Hamkuwahi kukutana! Nikamwambia kwetu matangani hatuhutubii, nikampa kisu. Alimenya viazi viwili, akakumbuka ana mkutano Stratford. Nilicheka, Baba, siku ya msiba wako nilicheka mpaka nikalazimika kujifuta machozi, na sijui yalikuwa ya kitu gani.

Nikakaa kwenye kiti chake. Pembeni yangu alikuwa Mama Furaha, Mkongomani wa ghorofa ya juu kabisa kwenye jengo letu. Lifti yetu ilikuwa mbovu tangu Krismasi, na magoti yake yamechoka, kwa hiyo ibada alikuwa akiisikiliza kwenye simu. Siku hiyo alishuka ngazi zote kwa ajili yako. "Mimi nikishukaka, kupanda tena ni kazi," alisema, akaendelea kumenya. Nimeishi chini ya mwanamke huyu miaka yote hiyo na sikulijua hilo.

Niliporudi kutoka kukuzika nilianza kugonga milango. Tulikwenda kikundi kizima kwenye kikao cha halmashauri, Wasomali, Wahindi, Wapolandi, na mimi nikasukumwa mbele niseme. Nikawaeleza habari ya lifti na ngazi za Mama Furaha. Lifti imetengenezwa. Jumapili Mama Furaha alishuka amevaa kitenge cha bendera zote za dunia, akanipungia kama malkia.

Basi majirani wakaja kwangu na keki na sambusa. Wanataka nigombee udiwani.

Niliogopa, Baba. Nina zamu za hospitali, nina Mghoi. Kiingereza changu kina milima yote ya Taita ndani yake. Na nilikuwa nimeona jinsi kura zinavyoweza kumtupa mtu mwema. Kushindwa nyumbani ni jambo moja, lakini kushindwa ugenini, mbele ya watu ninaopanda nao basi kila siku? Nilizunguka na swali hilo wiki nzima, nikitamani simu yako iite.

Jana nilikubali, nikaenda kujiandikisha. Nina furaha, na hofu bado ipo, sikudanganyi.

Wakati wa kujiandikisha, yule dada wa ofisini aliniuliza niandikwe kwa jina gani kwenye karatasi ya kura. Hapa wote wananijua kwa jina la mume wangu. Nikamwambia hapana, andika la baba yangu, nikamtajia herufi moja moja ili asikosee.

Kwa hiyo unagombea tena, Mheshimiwa. Pumzika kwa amani. Safari hii kampeni niachie mimi, na jina lako nitalitunza.

Binti yako,
Wakesho