Eda Isiyo na Cheti

Flo wangu,

Leo ni siku ya tisini na moja tangu uondoke, na nimefukuzwa kazi. Nakuambia mapema kwa sababu najua ungeuliza, "Mwanaidi, umefanya nini tena?" Nimefanya ujinga. Nimekukalia eda.

Najua ungecheka. Wewe Mkristo wa Masaka, eda uliijulia hapa Dubai, kule Al Twar ulikokuwa ukilinda geti, yule mama wa villa alipofiwa na mumewe. Ulirudi ukaniuliza mbona hatoki, mbona hajipaki kitu, mbona hata marashi hataki. Nikakueleza kwamba kwetu mjane hukaa miezi minne na siku kumi. Ukasema kwa Kiswahili chako kile cha Kampala, "Hiyo ni jela. Mimi nikikufa, khalas, imeisha, wewe kula biriani." Sijala biriani, Flo. Hata chai inanikwama.

Ulianguka kituo cha basi hapa International City, ukienda zamu. Nilifika hospitali na kandambili za bafuni. Mapokezi wakauliza mimi ni nani wako, nikasema dada. Si ndivyo tulivyozoea kusema, kwa mwenye nyumba, kwa wapangaji wenzetu, miaka minne yote? Nesi akatazama pasi yako ya Uganda, akatazama kitambulisho changu, Mtanzania, baba mwingine, dini nyingine. Akaniuliza tena, "Dada?" Nikasema basi, rafiki. Marafiki wanangoja nje. Ukafa upande wa pili wa ukuta, mimi nimeshika begi lako, na aliyeitwa kuambiwa ni msimamizi wako wa kazi, ambaye hata jina lako alikuwa akilikosea.

Niliomba nikuone kabla hawajakusafirisha. Nikuchane nywele tu. Wakasema ndugu wa damu au mume. Kaka yako alituma sahihi yake kutoka Masaka, ukaenda. Simu zangu hapokei. Sijui hata kaburi lako liko upande gani wa nyumba yenu.

Ndiyo maana nikashika eda. Nilijiambia hiki kimoja hakihitaji kibali cha mtu, ni mimi na Mungu wangu. Na kazi yangu mimi, nauza manukato Deira! Unakumbuka amri ya arbab, bosi wetu, kila muuzaji ajipake mafuta ya udi mikono yote miwili, mteja anuse. Nikawa napulizia kikaratasi, nakipeleka puani kwa mteja, mikono yangu naificha kwenye baibui. Miezi miwili na zaidi hakuna aliyegundua.

Katikati ya hayo Liza, yule Mfilipino wa kaunta, akanionyesha kitu kwenye simu. Nchi moja ya mbali imepitisha sheria ya kuruhusu wanawake kuoana, na wanawake wawili wazee, wamevaa makoti, wanasaini mbele ya karani. Liza alikuwa akicheka. Mimi nilitazama ile karatasi. Sikutamani harusi yao, wallahi, wala maua yao. Nilitamani karatasi. Ukiwa nayo, unapita ule mlango. Nikaenda chooni nikalia kwa hasira, nawaonea wivu vikongwe nisiowajua.

Wiki iliyopita madam, mke wa arbab, alinishika mkono akaninusa. Akauliza mbona sinukii. Nilikuwa nimechoka kudanganya, nikasema niko kwenye eda. Hilo ndilo kosa langu. Nilitegemea kugombezwa, kumbe alinikumbatia. Akaniambia mjane hasimamishwi dukani, atazungumza na arbab nikae nyumbani mpaka eda iishe, na mshahara wangu pale pale. "Wewe lete tu cheti cha ndoa na cha kifo." Angekuwa na roho mbaya ningevumilia. Wema wake ndio ulionimaliza.

Leo ameniuliza viko wapi. Nikasema sina. Akafungua faili langu, limeandikwa sijaolewa. Akauliza huyo mume ni nani, wa nchi gani, amezikwa wapi. Alinitazama sana, na nafikiri kuna kitu alikielewa, maana alirudi nyuma hatua moja. Halafu akasukuma chupa ya udi mbele yangu. "Jipake, yalla, rudi kazini. Tutasahau."

Nikaishika, Flo. Nikawafikiria watu wa Tanga wanaonitegemea. Ningejipaka ningekuwa dukani sasa hivi. Nikairudisha mezani. Viza inakatwa, nimebakiwa na siku thelathini za kuondoka.

Sasa nimekaa hapa, sina hata pa kushika. Kitanda chako wameshampa Mkenya mmoja. Nikiondoka, Dubai hii haitakuwa na mtu hata mmoja anayejua kwamba tuliishi. Wakati mwingine nakukasirikia wewe, mbona hukuandika jina langu mahali popote, halafu nakumbuka hakukuwa na mahali pa kuliandika. Naumia. Nani wa kumwambia? Nikuambie wewe.

Nitafika Tanga eda haijaisha. Mama ataniona nakaa ndani, sipaki wanja, siendi shughuli za watu. Mama si mjinga. Ataniuliza nimefiwa na nani. Naogopa swali hilo kuliko nilivyoogopa kitu chochote hapa, kwa sababu yeye ndiye niliyebakiwa naye, na naweza kumkosa siku hiyo hiyo.

Lakini nakuahidi, akiniuliza nitamjibu. Sitasema dada, wala rafiki. Nitakutaja jina lako, nimwambie ulikuwa nani kwangu, halafu nikae nisubiri atakachosema. Akinitoa nyumbani, siku zitakazobaki nitazimalizia popote.

Pumzika mpenzi wangu, huko walikokulaza.

Mjane wako,
Mwanaidi