Mwalimu Aliyeuliziwa kwa Simu

3 Machi

Kitinda mimba wangu,

Hujambo huko? Unakula? Mimi sijambo, ila mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Mashuka ya wageni hapa hotelini hayapungui, na mashine moja imegoma, tunakamua kwa mikono.

Kuna jambo limenikaa rohoni. Juzi nikiwa naanika, simu ililia. Mwanamume, sauti ya upole, anasema anapiga kutoka chuoni. Anamtafuta binti yangu, yule mwalimu wa Kiingereza, eti simu yake haipatikani. Nikamwambia, baba, umechelewa, yule tulishamzika. Akasema pole sana mama, akakata.

Miaka yote hii, na bado kuna mtu anamtafuta dada yako! Jana napiga pasi nikawasikia wanafunzi wake wanaitikia kule uani, yale maneno yao ya kurudiarudia. Nikazima pasi nisikilize. Kimya. Nikawasha, wakaanza tena.

Usiniambie ni uzee. Niandikie.

Mama yako


14 Machi

Mama, shikamoo.

Natumaini mgongo umepata nafuu. Keti kwanza, ndipo usome.

Yule mwalimu aliyeuliziwa ni mimi.

Sikukuambia. Tukimaliza zamu ya asubuhi hapa kwenye kiwanda cha nguo, nawafundisha wenzangu Kiingereza kwenye ukumbi wa chakula, sasa ni mwaka wa pili. Naipenda kazi hii, Mama. Ndiyo maana nimeomba kusomea shahada ya pili, ya kufundisha Kiingereza kwa watu waliokua na lugha nyingine. Walitaka namba ya mzazi, nikaweka yako. Siku waliponipigia kuniita kwenye usaili, simu yangu ilikuwa kwa fundi.

Sasa wameandika kwamba mimi ni marehemu. Nimekwenda mwenyewe na kitambulisho. Karani alinitazama kama nimetoka kaburini, hata kiti hakunipa. Mkuu wake anasema wameshawahi kudanganywa na watu wanaotumia vyeti vya wafu, na nilipomweleza habari za dada akasema jina la ukoo ni lile lile. Anataka kusikia kutoka kwa mzazi yule yule aliyesema nimekufa.

Watakupigia. Waambie tu niko hai.

Kitinda mimba wako


19 Machi

Mwanangu,

Salamu zangu zikukute salama, na sisemi hivyo kwa mazoea safari hii. Barua yako nimeisoma, nikampa na mwenzangu wa pasi anisomee, nikidhani macho yamenidanganya. Ni hivyo hivyo.

Nimekuzika kwa kinywa changu. Unajua neno la mama lina uzito gani? Tangu hapo chakula hakipiti.

Lakini na wewe! Kazi zote hizi duniani hukuona nyingine? Umesahau dada yako alikuwa anatoka wapi siku ile? Alitoka darasani, anavuka barabara, mchana kweupe. Wewe ulikuwa mdogo, hukuingia kumwosha. Mimi niliingia. Vidole vilikuwa na chaki. Niliitoa kwa maji na kitambaa, ya kwenye kucha ikakataa. Akazikwa nayo. Ndiyo maana nilisema chaki basi kwenye nyumba hii.

Simu yao imeshalia. Sikupokea. Nimefikiri hivi, usinichukie. Wakiamini umekufa hawatakuita, na wasipokuita utabaki. Marehemu wa kwenye makaratasi hagongwi na gari.

Nakupenda kuliko mboni ya jicho langu.

Mama yako


2 Aprili

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, kama neno hilo bado linanifaa.

Wamekupigia tena na tena. Nimeambiwa inaita tu.

Dada aliuawa na gari, Mama, si na chaki. Mimi navuka barabara kila siku kwenda kushona mifuko ya suruali, na sijakusikia ukiziogopa suruali.

Nikija likizo unaniita jina lake, kisha unajirekebisha. Kitanda chake unakitandika shuka safi, mimi nalala kwenye kochi. Nilizoea, nikasema ni majonzi, yatapungua. Sasa hata chuo kimenipa kifo chake. Nitakufa kifo cha dada mpaka lini?

Mwisho wa wiki ijayo wanalifunga faili langu. Sitakuomba tena.

Kitinda mimba


13 Aprili

Mwanangu,

Afya yako leo siiulizi, nimeiona kwa macho yangu.

Niliomba ruhusa kazini, nikapanda basi mpaka kiwandani kwako. Mlinzi akauliza, "Mama, una shida na nani?" Nikasema na mwalimu. Akasema, "Aa, mwalimu! Yuko ukumbini, zunguka kule nyuma." Hakushangaa hata kidogo. Nikazunguka, nikasimama dirishani.

Ulikuwa umenipa mgongo. Mungu anisamehe, yule hakuwa wewe. Bega lile, mkono ule unavyopanda ubaoni. Nilimwita kwa jina lake, kwa sauti kabisa. Hamkusikia, watu walikuwa wanaitikia. Nikasema, kumbe siku zote alikuwa huku. Ningekaa pale dirishani maisha yangu yaliyobaki.

Mara likaingia jibaba limechelewa. Ukageuka. "Wewe kila siku foleni ya kusaini zamu! Hiyo foleni imekuoa?" Darasa zima likaangua kicheko, na lenyewe likicheka.

Dada yako asingesema vile. Aliyechelewa angemvutia kiti. Ukali ule ni wako tangu unanyonya. Nikatafuta tena lile bega, sikuliona. Ulikuwa wewe, na vumbi la chaki puani. Nikakaa chini ya dirisha nikamlilia dada yako upya, maana alikuwapo, na ulipogeuka akaondoka.

Sikukusalimu. Nilikwenda chuoni na macho yamevimba hivyo hivyo. Mkuu ndiye yule wa sauti ya upole. Akanionyesha picha yako. Nikamwambia huyu ni mwanangu mdogo, anafundisha, nimetoka kumwona sasa hivi anamgombeza mwanamume mzima. Niliyemzika ni mkubwa. Kosa ni langu.

Akauliza, "Mbona simu zetu hukupokea?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini, mama?"

"Kwamba mtamchukua."

Akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo hutaki asome."

"Sitaki."

Akalifunga faili. Nikalishika. Nikamwambia, "Baba, wewe hukuniuliza ninachotaka. Uliuliza kama yu hai. Yu hai. Andika."

Nikasimama pale pale mpaka akaandika.

Mama yako