Kasoro Zimepona, Baba

Baba yangu uliyelala kaburini Chemchem,

Unakumbuka uliponipakia kwenye baiskeli, tukafuata njia ya zamani ya misafara kuja huku Sikonge? Mchanga ulitushinda, tukashuka. Mama mmoja mwenye dumu la asali kichwani akatupita kwa miguu.

"Watu wa mjini, baiskeli imewabeba au mmeibeba?"

Ulicheka, kisha ukanionyesha kibamba cheusi ulichokuwa nacho mfukoni.

"Hii ni fuwele ya matabaka," ulisema. "Joto ni mtikisiko unaosafiri ndani yake. Ukikuta atomi imekosekana, au tabaka limepinda, unatawanyika, kama baiskeli yetu mchangani. Umeme unapita, kama yule mama. Kasoro hizo ndizo zinazofanya upande mmoja uwe wa moto na wa pili ubaki baridi. Tofauti hiyo ndiyo inayotupa umeme."

Ulikifunga kwenye bomba la joto ndani ya bani la Baba Mdogo, kibanda chake cha kukaushia tumbaku. Bomba likizidi moto, umeme ulitosha kuliza kengele uliyoiunganisha nacho, naye akaamka kabla majani makavu hayajashika moto.

Sasa mimi ni karani wa chama cha wakulima hapa, na ninaogopa. Msimu uliopita Baba Mdogo alikisogeza kibamba hadi mdomoni mwa tanuru, ili kengele ya kaka yake ilie kwa nguvu zaidi. Jana, tulipowasha moto wa kujaribu, nililowesha kidole nikagusa upande uliopaswa kuwa baridi. Ukaniunguza. Ule moto mkali umezipanga atomi upya. Kasoro zimepona, joto linapita bila kizuizi, pande zote mbili zinawaka, na umeme hakuna.

"Shikamoo, Baba Mdogo. Kengele haitalia tena."

"Marahaba. Si ndiyo vizuri? Ikinyamaza, nalala."

"Imenyamaza kwa sababu imekufa."

"Wewe karani, kaa na kalamu yako. Kengele ya kaka haijawahi kunidanganya."

Bani limejaa. Kutoka dirisha la ofisi nauona moshi ukianza kupanda. Jioni atatandika mkeka wake pembeni ya ukuta, kama kawaida, na kila kimya kitakavyozidi ndivyo atakavyolala fofofo.

Mimi hanisikii. Kwa hiyo nakwenda kuing'oa kengele yako mbele ya macho yake. Atanilaani, pengine hatanisemesha tena. Lakini bila kengele hathubutu kufumba macho.

Pumzika, baba. Huku hatulali.

Mwanao