Maziwa ya Chai kwa Samaki wa Wageni

Mayu,

Shikamoo yako nitaiweka mwishoni. Nikianza nayo nitalainika, na leo sitaki kulainika. Nina hasira na wewe, mama yangu.

Mtu mzima umepika miaka yote hiyo kwenye kambi ya watafuta dhahabu, mimi kando yako namenya viazi, halafu unaondoka bila kuniambia ile sosi nyeupe ya samaki inashikanaje. Kila nikikuuliza unasema, "Angalia." Nimeangalia, Mayu. Mkono wako ulikuwa unafika kabla ya jicho langu, na ukishamaliza unafuta kikaango kana kwamba hakuna kilichotokea.

Baada ya mazishi bosi wa kambi aliniita. Alinipa pole, kisha akasema Jumamosi wanakuja wageni kutoka kwao Ulaya na angependa wale samaki wa Mama Kulwa. Ikiwa nitaweza, jiko ni langu. Nisipoweza, ataita mpishi kutoka Mwanza kwa simu ya upepo. Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionikera zaidi. Nikamwona akilini huyo mpishi wa Mwanza amevaa aproni yako, anatundika sufuria zako kwenye misumari uliyoipigilia mwenyewe kwa jiwe. Nikasema nitaweza.

Samaki walikuwepo kwenye friza, wale wekundu wa kwao, samoni. Ulikuwa ukiwacheka. Sangara wetu wanakatwa minofu Mwanza na kupanda ndege kwenda Ulaya, wao wanatubebea samaki wao waliogandishwa mpaka huku Geita, kila mmoja anaona cha mwenzake ndicho kitamu. Kilichokosekana ni malai, krimu ya maziwa. Yale makopo uliyokuwa unachukua kwenye duka la Mhindi yalikwisha, na mvua imekata barabara, lori halipiti.

Basi nikanunua maziwa kwa yule muuzaji wa baiskeli. Unamjua, maziwa yake yana maji kuliko kisima. Nikayachemsha na siagi na kitunguu saumu, nikakamulia ndimu. Yakakatika, mabonge huku, maji kule. Nikamwaga. Nikajaribu na unga wa ngano, nikapata uji. Nikajaribu tena bila unga, yakakatika tena, na hapo nilikaa chini kwenye gunia la mchele nikakusema vibaya. Kwa sauti. Mlinzi alichungulia dirishani akaondoka.

Maziwa mazito tunayo nyumbani, hilo ndilo lililoniuma. Lakini wewe unajua neno la Baba. Maziwa ya ng'ombe wake na samaki havikutani chungu kimoja, vikikutana kiwele kinakauka. Ulimheshimu kwa hilo mpaka mwisho. Siku ya dagaa kibuyu cha maziwa kinatolewa nje ya jiko kwanza. Hata huku kambini, mbali na macho yake, ulipika kwa malai ya kopo, na jioni ulinawa mikono kwa majivu kabla ya kwenda kukamua. Sasa ningeanzaje kumwomba, na msiba bado uko ndani? Nilimweleza Doto tu, pacha mwenzangu, tukiwa kisimani, na binti yako huyo unamjua, mdomo wake hauna kifuniko. Nadhani alilifikisha kwa Baba lilivyo.

Ijumaa asubuhi nikamwona Baba kwenye geti la kambi. Baba, Mayu, ambaye hajawahi kukanyaga hapa kwa sababu anasema wanatoboa milima ya watu. Amevaa lile koti alilovaa siku ya kukuzika, ana kibuyu begani. Nikamsalimia, akaitika, akanikabidhi kibuyu bila kuniangalia. "Haya ni ya chai," akasema. Nikashukuru. Akageuka kuondoka, akapiga hatua chache, akarudi. "Ya chai, ng'wanone, mwanangu. Yakishatoka mkononi kwangu mimi sijui yanakoelekea."

Nililia nikiwa nimeshika kibuyu, na bado nilikuwa na hasira. Maana ni wewe uliyestahili kuletewa kibuyu hicho, na hukuwahi kuomba.

Nikayaacha maziwa yatulie usiku kucha kwenye beseni, asubuhi nikaengua malai ya juu, mazito mpaka yanang'ang'ania kijiko. Jumamosi nikawakausha samaki kwa kitambaa, chumvi, pilipili manga, kikaango kikapata moto sawasawa. Ngozi chini. Mkono ukanisumbua kutaka kuwageuza mapema, nikauweka mgongoni. Walipojiachia wenyewe nikawageuza, nikawatoa. Siagi, kitunguu saumu, malai, moto mdogo. Kisha nikaukumbuka mwili wako, Mayu, siyo mkono. Kabla ya ndimu ulikuwa unageuka kila mara kuelekea mezani, ukiwa umebeba kikaango. Mimi miaka yote nilidhani unanipisha nipite. Kumbe ulikuwa unakitoa motoni. Ndimu inaingia moto ukiwa mbali.

Sasa si ungesema tu? Maneno matano. Yangekugharimu nini?

Sosi ikashikana. Nikachota kwenye kijiko, na bila kufikiri nikakinyoosha kushoto, pale ulipokuwa unasimama, ili uonje useme, "Bado." Ulikuwa unasema bado hata kama imeiva, halafu unaongeza chembe ya chumvi isiyohitajika. Nilikaa hivyo na kijiko mpaka sosi ikapoa. Hakuna aliyesema bado. Nikapakua.

Sahani zilirudi safi. Bosi akaja mpaka jikoni akasema jiko ni langu. Nikasema asante, na moyoni sikufurahi nilivyotarajia, kwa sababu wale wageni wangesifu hata ugali uliolala, walikuwa na njaa ya safari. Mimi nilitaka kujua kwako kama ilikuwa tayari. Hilo sitalijua, na ndilo linalonikasirisha kuliko malai na mvua na muuzaji wa baiskeli.

Ng'ombe wa Baba anakamuliwa kama kawaida. Kila asubuhi Baba anamshika kiwele kwanza, kisha ananiangalia, kisha anaangalia pembeni. Makopo yakifika nitarudi kwenye malai ya dukani, sitamjaribu mara ya pili. Na nakuahidi hili: yeyote atakayesimama kando yangu kwenye jiko lako sitamwambia angalia. Nitamwambia kwa mdomo, kila kitu, mpaka achoke.

Lala salama, Mayu. Hasira zimepungua kidogo, si sana. Salamu yako hii hapa, nilikuahidi.

Shikamoo.

Nitasubiri kidogo kabla sijafunika kalamu, nimezoea kuitikiwa.

Mwanao,
Kulwa