Cheche za Mianzi ya Baba

Kwako mdogo wangu, Mlingoti,

Nakusalimu kwa moyo wote, ingawa barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kama risiti ya duka. Hujambo? Watoto hawajambo? Na huyo mume wako, bado anakoroma mpaka majirani wanaamka? Mimi mzima. Magoti yameniasi na macho yanachagua vya kuona, lakini mdomo haujambo kabisa, kama utakavyosikia. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mjukuu wangu, huyu tunayemwita Miwani, aliomba nimtajie maneno yeye aandike, nikamwambia aendelee na wadudu wake. Kwa hiyo usinicheke mwandiko. Mimi darasa la nne lilinitosha. Wewe ulifika mbali na bado kuandika huandiki.

Nianze na mianzi. Kile kichaka cha Baba nyuma ya nyumba kimetoa maua. Tangu tuzaliwe hatukuwahi kuyaona, na kwa kweli hatukukosa kitu: ni mashuke makavu kama ya nyasi, wala hayanukii. Miwani anasema mianzi ya aina hii hutoa maua mara moja tu maishani, kisha kichaka kizima hukauka. Nilimgombeza kana kwamba ndiye aliyeipangia. Sasa majani yanapukutika, na nikifagia uani nasikia mashina yakigongana, sauti ile ile tuliyolalia utotoni, ila imekuwa nyembamba.

Ni maua hayo yaliyomleta Miwani mbio na mizigo yake. Unakumbuka vile vidudu tulivyoviita cheche? Baba akipiga panga kwenye mwanzi, vinaruka pah, vinatugonga usoni, wewe unapiga kelele, mimi nakucheka. Basi ndiyo kazi ya mjukuu wangu hiyo. Anasema vinaishi kwa mwanzi tu, vinafyonza maji yake kwa mdomo kama sindano, na kichaka kikifa navyo havina pa kwenda. Kwa hiyo amehamia kwangu, akakitwaa chumba cha kazi cha Baba. Pale palipokuwa na kigogo alichokalia Baba akichana mianzi, sasa pana meza na hadubini. Vidudu amevibandika kwa gundi kwenye ncha za vijikaratasi, kila kijikaratasi na pini yake, vimepangwa sandukuni kama wanafunzi mstarini.

Nilimuuliza anatafuta nini. Akasema jenasi. Nikamwambia aongee kama watu. Akasema ni kama ukoo: nani ndugu wa nani. Nikamuuliza anawajuaje, kwa rangi? Akasema rangi inadanganya. Kwa mabawa? Mabawa yanadanganya zaidi, maana ndugu wa tumbo moja, huyu hutoka na mabawa marefu na huyu mafupi. Basi kwa kitu gani? Hapo akaanza kutazama dari. Nilimbana mpaka akasema. Mdogo wangu, shika kiti. Anakata ncha ya tumbo la dume, anaichemsha kwenye dawa mpaka nyama iyeyuke, kisha anachungulia uume wake. Mtoto niliyemlea kwa adabu, akafika chuo kikuu, akavaa koti jeupe, kumbe kazi yenyewe ni kuchungulia uchi wa wadudu. Alijitetea kwamba ukoo hujificha huko, mahali ambapo hakuna anayetazama. Nami nilichungulia, usinihukumu. Kwanza niliona kope zangu mwenyewe. Baadaye nikaona kitu kama ndoano ndogo, rangi ya asali, kimetulia zake.

Sasa kosa lake ni hili, ingawa mwenyewe ndiye aliyeniambia mabawa yanadanganya. Tangu mwanzo alikuwa amewaweka wa mabawa mafupi sanduku moja, wa marefu sanduku jingine, akawahesabu koo mbili. Siku moja akatoka chumbani, akaomba chai, akakiri kwamba amekosea. Wale warefu aliowatenga ni wa humo humo, ndoano zao ni zile zile. Na kuna mmoja aliyekaa katikati ya wafupi, rangi yao, kimo chao, hata alama ya paji la uso yao, na huyo ndiye mgeni, wa ukoo mwingine kabisa. Nilicheka. Nikamwambia hapa nyumbani kosa hilo tumeshalifanya.

Maana unajua tulivyosemwa. Mimi mfupi, mweusi, wa kutembea kama Baba, ndiyo maana nikaitwa Kisiki. Wewe mrefu, maji ya kunde, hufanani na yeyote. Watoto wa fundi cherehani walikuita wa kuokotwa, nami nikawachapa, hata yule mkubwa wao aliyekuwa ameshaota ndevu. Wakati ule ngumi zilitosha. Hazikutosha siku ya mazishi ya Baba, pale Baba Mdogo aliposimama mbele ya watu akasema watoto wa marehemu wakae mbele, akanishika mkono mimi peke yangu. Nilipogeuka, hukuwepo. Hujakanyaga hapa tena. Kila nikikuita unajibu kwamba mtu haendi kwa watu wasio wake.

Sasa sikiliza, na usiruke mistari kama kawaida yako.

Juzi binti yako alimtumia Miwani picha ya yule mjukuu wako mchanga. Miwani akaikuza kwenye simu ili nione. Mtoto amelala, ameinua mkono kama mtu anayeomba kuongea mkutanoni. Na kidole chake cha mwisho kimepinda kuelekea ndani, kama mundu. Kidole cha Baba. Kidole chako.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akisema, kwamba ni kazi iliyokipinda, kuvuta chane za mwanzi miaka nenda miaka rudi. Na chako kimepinda kwa sababu ulianza kusuka ungali mdogo. Tuliamini sote, nyumba ya msusi wa matenga ingeamini nini kingine? Kuna wateja waliotaka kwanza kukiona kidole ndipo waamini tenga ni imara. Na mimi nilisuka kuliko wewe, usibishe. Nilivuta chane mpaka ngozi ikachubuka, nikisubiri changu nacho kipinde. Nikimpelekea Baba akitazame, alikishika, akakipapasa, akasema, "Vuta subira, mama. Kitapinda."

Lakini yule mtoto hajashika mwanzi. Hajashika hata kijiko.

Nikaenda kwa Shangazi. Ndiye pekee aliyebaki wa kumuuliza. Baba Mdogo najua angeniongezea chumvi. Shangazi hatoki kitandani, lakini akili yake ni wembe. Niliweka picha mbele yake, nikaweka na mkono wangu kando. Alitazama, akashusha pumzi, akasema Baba alizaliwa na kidole kile, na babu yetu pia. Kisha akanieleza kwamba Mama aliolewa akiwa amenibeba mgongoni, nimeshaota meno ya mbele. Siku ile Baba aliwaambia ndugu zake, "Huyu ni wangu. Mwenye neno alimeze." Wakalimeza. Baba Mdogo alikuwa mbali masomoni, akasikia juu juu tu kwamba mtoto mmoja si wa damu. Akarudi, akatazama mabawa.

Kwa hiyo ni mimi. Wewe ni wa hapa, damu na kidole. Mwendo wa Baba nimeupata kwa kumfuata nyuma.

Sikulia. Nililia kidogo nikikata vitunguu, na hiyo haihesabiki. Linalonikaba ni hili: mzee yule alitunga uongo mzima juu ya mianzi, akamwambia kila aliyekuja kununua tenga, maisha yake yote, ili mtu asije akautazama mkono wangu.

Nilimuuliza Miwani, bila kumwambia kitu, yule mgeni wake atamfanyaje, atamtupa? Alishangaa. Akasema kwenye kijikaratasi chake ataandika ukoo wake wa kweli, na chini ataandika alikotoka: mwanzi huu huu.

Basi njoo. Njoo kabla kichaka hakijakauka chote. Kiti cha mbele ni chako, na Baba Mdogo niachie mimi, nitamketisha na kumweleza mwenyewe. Ila usije ukadhani sasa umekuwa mkubwa. Mimi bado ni dada yako niliyekufuta kamasi, nikisema njoo, unakuja. Nimekata mwanzi mmoja ambao bado una ubichi, nimeuchana, chane ziko kwenye maji. Tutasuka tenga moja, wewe ukivuta upande wako na mimi wangu. Nani ajuaye, huenda changu kikapinda.

Mpe salamu mkoromaji. Binti yako mwambie nimeiona picha. Mchanga mbusu pale kwenye kidole. Miwani anakusalimu pia, naye nitamweleza ukiwa umekaa hapa ubavuni pangu, si kabla.

Ni mimi dada yako,
Kisiki, binti wa msusi