Alama Tatu Nyekundu Chini ya Laptop

Alhamisi, Aprili 15, 1999. Chepseon. Mvua ilianza saa nane na nusu ikiwa na mawe, sasa imebaki manyunyu.

Jana, saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri, nilipoteza majina 640 ya wakulima wa chai. Najua ni 640 kwa sababu huwa napumzika kila nikifika arobaini, na nilikuwa nimepumzika mara kumi na sita. Nambari ya mkulima, jina lake, kituo anachopeleka majani, idadi ya miche. Siku nne za vidole vyangu. Yale ya nyuma niliyaweka kwenye disketi Ijumaa iliyopita, asante Mungu. Haya 640 hayako popote.

Laptop ilizima nikiwa naiwekea toleo jipya la programu. Ofisi inayopokea orodha inalitaka hilo, eti bila hilo mwaka 2000 ukifika tarehe zote zitaharibika. Hii ni mara ya nne. Laptop ina miezi mitatu tu tangu itoke kwenye katoni.

Mara tatu za kwanza Kipkirui, mume wangu, aliifuta yote na kuanza upya. Yeye ndiye fundi. Alianza na redio, akaja televisheni, sasa ni kompyuta, na kutoka hapa mpaka Kericho watu wanamwita. Jana jioni aliitazama kidogo, akafunga kifuniko, akasema, "Una mkono mzito, Mama Chela. Mbona ya Rose haisumbui?"

Mbona ya Rose haisumbui.

Nimesikia sentensi hiyo tangu Februari. Rose ni sekretari wa shule moja upande wa Kabianga. Laptop yake na yangu ni mapacha: Kipkirui alizinunua Nakuru siku moja, duka moja, akazileta kwa gari moja. Ya Rose imewekewa toleo lile lile, kwa CD ile ile. Yake inafanya kazi. Yangu inakufa.

Wacha niseme ukweli hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma. Nimekuwa nikihesabu. Tangu Februari Kipkirui ameenda kwa Rose mara sita kuangalia mashine ambayo haisumbui. Kutoka hapa mpaka Kabianga ni magari mawili. Kutoka kitandani mpaka meza yangu ni hatua kumi na moja, na amekuja mara nne, kila mara baada ya kuombwa. Akienda Kabianga huvaa shati jeupe. Mimi ndiye ninayelipiga pasi.

Na nimehesabu vingine ambavyo si vya hesabu. Rose ana vidole vyembamba vya mtu ambaye hakuwahi kuchuna chai. Mimi nilichuna miaka saba kwenye shamba la kampuni kabla sijajifunza taipu, na ule weusi wa majani ulikaa kwenye vidole vyangu mpaka siku ya harusi. Katika picha nimeificha mikono nyuma ya maua. Najivunia ofisi yangu ya taipu, niliijenga ukurasa kwa ukurasa. Lakini Kipkirui akitaja jina la Rose, naiangalia mikono yangu.

Basi leo asubuhi sikufungua ofisi. Nilimwambia Kipkirui naenda Kericho kutafuta disketi. Nikaenda Kabianga.

Sikwenda kwa ajili ya laptop. Nilitaka kuona mapazia ya nyumba yake. Nilitaka kuona kama kuna shati jeupe kwenye kamba. Naona haya kuandika hivyo, lakini ningeona shati, ningejua la kufanya.

Hakukuwa na shati. Nilimkuta ofisini kwake shuleni, akanikaribisha vizuri kabisa, akanipa chai ya maziwa na mkate. Nilikuja na ugomvi mkononi na sikupata mahali pa kuuweka. Stima ilikuwa imepotea tangu saa mbili, taa zote zimezima. Na laptop yake iko mezani, waya umekunjwa pembeni, yeye anaandika barua za wazazi bila wasiwasi.

Nikamuuliza inakaa namna hiyo muda gani. Akasema karibu masaa mawili. Halafu akacheka, mtu asiye na lolote la kuficha, akaongeza, "Mwanzoni yangu haikuwa inashika moto hata kidogo, Mama Chela. Ukichomoa waya, imezima. Mzee wako akaja akaitengeneza kwa dakika mbili tu. Una bahati, wewe una fundi ndani ya nyumba."

Dakika mbili.

Nilimwomba niisome nambari iliyo chini ya mashine, nikasema nataka kuilinganisha na yangu. Alipomaliza barua yake akaizima, nikaigeuza.

Kwenye betri kulikuwa na alama tatu nyekundu, kwa mstari, kona ya kushoto.

Kule shambani kila mchunaji alikuwa na alama yake kwenye kikapu. Vikapu vyote vinafanana, na kwenye mzani, karani akiwa na haraka, kilo zako zinaweza kuingia kwa mtu mwingine. Wengine walifunga uzi, wengine kitambaa. Mimi nilipaka nukta tatu nyekundu upande wa kushoto. Mpaka leo naweka nukta tatu kwa kila kitu changu: sufuria za kanisani, mwavuli, stepla. Januari, siku ile laptop ilipofika, nilinunua rangi ya kucha, ya kwanza maishani, si kwa kucha. Nikapaka mashine, nikapaka betri. Kipkirui hakuwepo. Hajui hata kama nukta hizo zipo.

Nilikunywa chai ya Rose yote. Nikaongezwa, nikanywa tena. Uso wake ulikuwa wazi kabisa, hajui, na nilimchukia hata kwa hilo.

Njiani kurudi ndipo hesabu ilipokaa sawa. Kila mara laptop ilipozima nimeandika saa kwenye daftari: saa tisa na dakika tano, saa tisa kasoro kumi, saa tisa na dakika ishirini, na jana saa tisa na dakika kumi na mbili. Nilikuwa natafuta kosa kwenye programu. Sikufikiria kuangalia angani. Hiyo ndiyo saa ya radi hapa kwetu. Na radi ikilia hapa hatuulizani. Tunachomoa kila kitu ukutani, tunafunga madirisha, tunatoka kwenye chumba chenye stima na kukaa jikoni mpaka ipite. Mama alinilea hivyo, na radi ilimuulia ng'ombe wawili. Saa nilizoandika ni saa nilizochomoa waya na kutoka. Sikuwahi kuwepo mashine ilipokata roho.

Kuwekea toleo jipya kunachukua dakika arobaini na tano. Jana nilikuwa kwenye dakika ya ishirini na saba. Sikuogopa kuchomoa, kwa kuwa betri ingebeba zilizobaki. Mwezi wa Januari niliipima mwenyewe kwa saa ya ukutani: saa moja na dakika hamsini.

Hiyo ilikuwa betri yangu.

Nimefika nyumbani kabla ya mvua, nikaigeuza ya kwangu. Mashine ina nukta zake tatu. Betri haina hata moja. Nikaiwasha kwa waya, yale maandishi meupe ya kuniambia imeharibika yakatokea, taa ya betri ikaonyesha imejaa. Nikachomoa. Nilihesabu nne, kioo kikawa giza.

Kwa hiyo si programu, wala si mkono mzito.

Sasa ni saa kumi na mbili, Kipkirui yuko njiani kutoka Kipkelion, na nimeshapika. Nimewaza njia zote za kumtetea, kwa kuwa mimi si mtu wa kuonea. Labda alitaka kunibadilishia baadaye akasahau. Labda alisema Rose ni mteja, mimi ni mke, nitavumilia. Hiyo ya pili ndiyo inayonichoma zaidi, kwa sababu inawezekana kabisa. Lakini mtu aliyesahau hasemi mara nne kwamba mkono wangu ni mzito. Alinitazama nikijilaumu, na alijua.

Majina 640 nitayaandika tena, siku nne nyingine. Betri mpya nitatafuta Nakuru. Ile iliyoko Kabianga siitaki tena.

Kipkirui, daftari hili sijawahi kukuonyesha. Leo naliacha wazi kando ya sahani yako, betri ya Rose juu yake ili ukurasa usigeuke. Kula kwanza. Sitaki maelezo ya volti, na usiniambie kuhusu toleo jipya. Siku ile ulikuwa na betri mbili mkononi, moja nzima ya mke wako, moja mbovu ya Rose. Kwa nini uliniletea mbovu?

Ofisi nafungua saa mbili asubuhi. Nijibu kabla sijatia ufunguo mlangoni, kwa mdomo wako, ukiniangalia.